Kufunga kabureta kubwa kwenye Yamaha DT125 ya tustroki: mwongozo kamili

Kufunga kabureta hakumshindi mtu. Ni klampu mbili, waya mmoja na bomba la mafuta. Kinachowashinda wengi ni kinachofuata: pikipiki inawaka, inanguruma vizuri pale kijiweni, halafu baada ya kilomita chache za resi kubwa pistoni inakamata. Ukiifungua unakuta silinda imechanika mikwaruzo na ringi zimenasa.

Sababu karibu zote ni tatu. Injini ilikuwa inavuta hewa pembeni ya kabureta, jeti kuu (kitundu kinachopima mafuta kwenye resi kubwa) ilikuwa ndogo mno, au oili haikuwa inafika. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kuziba mianya hiyo mitatu, moja baada ya nyingine. Usiruke hata moja kwa sababu tu injini imewaka.

Vipimo ni vya DT125 ya kupozwa kwa hewa, yenye ridi (vijani vyembamba vinavyoruhusu hewa kuingia kwenye injini bila kurudi), ujazo wa sentimita za ujazo 123. Mwenye AG100 au tustroki nyingine ndogo atafuata njia hiyohiyo, ila aingize namba zake.

## Kabla ya kununua: ukubwa gani?

Nyingi za DT125 huja na kabureta ya Mikuni yenye koo (njia ya hewa katikati yake) la milimita 24. Soma maandishi kwenye mwili wa kabureta yako, kisha hakikisha kwa kupima kipenyo cha koo upande wa injini. Usitegemee maneno ya muuzaji.

Kuna hesabu ya zamani inayosaidia. Zidisha ujazo wa silinda kwa lita na mizunguko ya injini kwa dakika pale inapotoa nguvu zake zote. Tafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha zidisha kwa namba iliyo kati ya 0.65 na 0.9. Unapata kipenyo cha koo kwa milimita.

Kwa injini ya lita 0.123 inayofikia kilele kwenye mizunguko 7,000, kipeuo cha pili ni 29.3. Koo la 24 linatoa 0.82, yaani ndani kabisa ya salama. Koo la 26 linatoa 0.89, ukingoni lakini bado ndani. Koo la 28 linatoa 0.95, na hapo umeshatoka nje.

Kwa hiyo injini ambayo haijaguswa silinda wala ekzosi inastahili 26, basi. Ya 28 ni ya injini iliyopanuliwa matundu ya silinda na kufungwa ekzosi ya mwendo, ile inayofikia kilele kwenye mizunguko 8,500 hivi. Koo likiwa kubwa kupita kiasi, hewa hupita polepole, na hewa ya polepole haina nguvu ya kunyonya mafuta kutoka kwenye jeti. Ndiyo maana pikipiki yenye kabureta kubwa mno husita ukifungua resi ghafla, na hukosa nguvu ya kupanda mlima na mzigo.

Hapa lazima lisemwe wazi: kama kazi ya pikipiki ni kubeba magunia kwenye milima, baki na 24. Kabureta kubwa huongeza nguvu kule juu kwenye mizunguko mingi na kuipunguza chini, na mbeba mzigo anaishi kule chini.

Jihadhari pia na kabureta za fostroki za 125 na 150 zilizojaa madukani. Koo linaweza kuwa 26 au 27 na bei ikavutia. Lakini jeti, slaidi (kizibo kinachopanda na kushuka kwenye koo unapozungusha resi) na sindano inayoning'inia chini ya slaidi zimepangwa kwa injini inayovuta hewa mara moja kila mizunguko miwili, na nyingi hufungwa kwa boliti mbili badala ya kuingia kwenye mpira. Tafuta Mikuni VM26 ya tustroki, yenye slaidi ya duara na jeti zinazopatikana.

## Vifaa

- Kabureta VM26 ya tustroki.
- Jeti kuu angalau tano zinazofuatana (utajua zipi kwenye hatua ya 3).
- Jeti za sailensa (za injini ikinguruma bila resi) tatu: namba iliyomo, moja juu yake na moja chini.
- Mpira wa kuingilia (ule ulio kati ya kabureta na silinda) wenye mdomo unaolingana na kabureta mpya.
- Gasketi ya mpira huo, au karatasi ya gasketi.
- Klampu mbili za chuma za skrubu.
- Plagi mbili mpya za namba iliyo kwenye kitabu cha pikipiki.
- Oili ya tustroki yenye daraja JASO FC au FD. Waliopo pwani wasitumie oili ya mashine za boti yenye alama TC-W3. Ile ni ya injini za kupozwa kwa maji, na silinda ya DT ni ya moto zaidi.
- Bomba jipya la mafuta na chujio dogo.
- Kalipa ya vernia, bisibisi zenye ncha nzima, spana, bomba la sindano la mililita 20 la kupimia oili, utepe mweupe, kalamu ya wino.
- Kipimo cha presha ya damu cha kubinya kwa mkono, chenye saa. Utaiona kazi yake kwenye hatua ya 5.

Fanya kazi nje au mahali penye hewa, mbali na jiko na sigara, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Mvuke wa petroli hutambaa chini na kufuata moto usiouona.

## Hatua ya 1: Andika hali ya sasa

Kabla hujafungua nati yoyote, andika kwenye daftari namba ya jeti kuu, jeti ya sailensa, slaidi, na mfereji wa sindano uliko kipini (kibano kidogo kinachoishikilia sindano kwenye slaidi). Mifereji huhesabiwa kutoka juu. Weka pia alama ya kiwango cha oili kwenye tangi lake.

Fungua plagi uangalie rangi. Kama pikipiki ina tatizo sasa, kwa mfano inavuta hewa au kompresheni imeshuka, lishughulikie kwanza. Kabureta kubwa haiponyi injini mgonjwa. Inaificha kwa siku mbili, kisha inaimaliza.

## Hatua ya 2: Fuata njia ya oili

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayogharimu pistoni.

Yamaha hizi zina pampu inayosukuma oili yenyewe. Tafuta kijibomba chembamba kinachotoka kwenye pampu, pembeni ya injini, ukifuate kwa kidole mpaka mwisho. Kitaishia kwenye mpira wa kuingilia au upande wa silinda, ama kitaishia kwenye kichuchu kidogo kilicho kwenye mwili wa kabureta yenyewe.

Kikiishia kwenye silinda au mpira wa kuingilia, uko salama, mradi mpira mpya nao uwe na tundu hilo. Kikiishia kwenye kabureta, angalia kama kabureta mpya ina kichuchu kama hicho. Nyingi hazina. Mtu akifunga bila kuangalia, kijibomba kinabaki kinaning'inia, oili inadondoka chini ya injini, na petroli inaingia tupu, bila oili.

Suluhisho ni mawili. La kwanza: fundi wa kukereza atoboe sehemu ya chuma ya mpira wa kuingilia na kufunga kichuchu. La pili: achana na pampu, uchanganye oili kwenye tangi. Ukichagua la pili, pampu itolewe na tundu lake lifunikwe kwa bamba na gasketi, isiachwe ikizunguka kavu.

Kiasi cha kuchanganya: mililita 33 za oili kwa kila lita ya petroli, yaani 1 kwa 30. Pima kwa bomba la sindano, si kwa kizibo cha chupa. Na usidhani oili nyingi zaidi ni usalama zaidi: kila tone la oili huchukua nafasi ya petroli kwenye jeti, hivyo mchanganyiko unakosa mafuta na injini inapata joto zaidi.

Hata kama pampu inabaki, tangi la kwanza baada ya kazi hii liwe na mililita 20 za oili kwa lita. Moshi utaongezeka kidogo, lakini kama hewa imeingia kwenye kijibomba cha pampu, mchanganyiko huo ndio utakaoiokoa injini. Kijibomba kikaguliwe kwa mwanga: kisiwe na hata kiputo kimoja.

## Hatua ya 3: Piga hesabu ya jeti kuu

Koo likipanuka, mvuto kwenye jeti hupungua. Ili mafuta yabaki yaleyale kwa hewa ileile, tundu la jeti lazima likue kwa uwiano uleule wa eneo la koo.

Kutoka 24 kwenda 26, eneo linaongezeka kwa asilimia 17. Namba za jeti kuu za Mikuni zinafuata wingi wa mafuta yanayopita, kwa hiyo zidisha namba ya zamani kwa 1.17. Kama ya zamani ilikuwa 130, jibu ni 152. Hapo nunua 150, 155, 160, 165 na 170.

Anza na iliyo kubwa kabisa kati ya hizo. Mafuta yakizidi, plagi inalowa na unapoteza dakika kumi. Mafuta yakipungua, unapoteza pistoni. Daima shuka kutoka juu, usipande kutoka chini.

Angalizo: baadhi ya watengenezaji, kama Keihin na Dell'Orto, huandika kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita, si wingi wa mafuta. Jeti ya 130 ya Keihin si sawa na 130 ya Mikuni. Usilinganishe namba za makampuni mawili, na usinunue jeti zilizopanuliwa kwa waya au kichimbio. Tundu lililochokonolewa halina namba tena.

## Hatua ya 4: Fungua ya zamani, andaa mpya

Funga koki ya mafuta, toa bomba, legeza klampu mbili. Fungua kifuniko cha juu cha kabureta na utoe slaidi ikiwa na waya wake. Ziba mdomo wa silinda mara moja kwa kitambaa safi kisicho na nyuzi. Nati ndogo ikidondokea humo, itakubidi ufungue injini.

Kabureta mpya, hata ikiwa bado kwenye karatasi yake, ifunguliwe na kusafishwa. Nyingi zina vumbi la chuma la kiwandani ndani ya bakuli. Toa jeti zote mbili, puliza kila tundu kwa hewa, na uzitazame kwenye mwanga wa jua. Tundu safi linaonekana duara kamili.

Kisha angalia floti. Bakuli likiwa limetolewa na gasketi yake pia, geuza kabureta chini juu. Mikono inayosukuma sindano ya floti ikae sambamba na uso wa mwili wa kabureta. Ukiona imeinama upande mmoja, pinda taratibu kile kiulimi cha katikati. Floti ikiwa chini ya kipimo, bakuli litakauka kwenye resi kubwa. Ikiwa juu, petroli itamwagika kwenye kijibomba cha chini pikipiki ikiegeshwa.

Funga jeti kubwa uliyoichagua. Kaza kwa bisibisi inayojaa mfereji, kwa nguvu ya vidole, si ya mkono mzima. Shaba ni laini. Sindano iweke kipini kwenye mfereji wa katikati. Skrubu ya hewa izungushwe ndani mpaka iguse, bila kukaza, kisha irudishwe nje mzunguko mmoja na nusu.

## Hatua ya 5: Mpira wa kuingilia na jaribio la kuvuja

Pima kwa vernia kipenyo cha nje cha shingo ya kabureta mpya, kisha kipenyo cha ndani cha mpira. Mpira uwe mdogo kwa nusu milimita hivi ili ushike kwa kubana. Pima pia umbali kati ya matundu ya boliti kabla ya kununua. Koo la 26 likiingia kwenye njia ya 24, kunabaki ngazi inayoukata mkondo wa hewa. Lainisha ngazi hiyo kwa tupa ndogo na msasa upande wa chuma, mpaka kidole kipite bila kukwama. Osha vumbi lote kabla ya kufunga.

Kama mpira unaofaa haupatikani, fundi wa kukereza anaweza kutengeneza kiunganishi cha alumini. Kisichofaa kabisa ni vipande vya chubu vilivyozungushwa na kukazwa kwa waya. Petroli hulainisha raba ile, inavimba, inateleza, na hewa inaanza kupita bila wewe kusikia kitu. Gundi ya silikoni ya kuzibia nayo huliwa na petroli ndani ya wiki chache. Vitu hivi viwili vimeua injini nyingi.

Kabla ya kurudisha mpira, tazama ridi zilizo nyuma yake. Kila jani lilale bapa kwenye kiti chake. Lenye ufa au kona iliyomeguka libadilishwe, kwa sababu kipande kikikatika kinaingia ndani. Weka gasketi mpya, kaza boliti kwa mshazari, kidogo kidogo.

Sasa jaribio la kuvuja, na hapa ndipo kipimo cha presha ya damu kinapoingia.

1. Toa ekzosi. Ziba mdomo wake kwenye silinda kwa kipande cha raba nene kilichobanwa na bamba na boliti za ekzosi.
2. Plagi ibaki imefungwa. Kama kuna tundu la oili kwenye mpira, lizibe.
3. Sukuma kiki taratibu mpaka pistoni ifike chini kabisa.
4. Ziba mdomo wa mpira wa kuingilia kwa kizibo chenye kijibomba katikati, ukaze klampu. Kwenye kijibomba unganisha pampu na saa ya kipimo cha presha. Kupuliza upande huu kunafungua ridi, hivyo mpira, kizingio cha kranki, gasketi na seali zote zinajaribiwa kwa pamoja.
5. Binya mpaka saa isome 300, ndio mwisho wake. Usitumie kompresa, itarusha seali za kranki.
6. Subiri. Ikipungua kwa namba zisizofika 50 ndani ya dakika moja, injini imefungika. Ikishuka haraka, paka povu la sabuni kwenye mpira, gasketi ya silinda, hedi na plagi, uone wapi panatoa viputo.

Panapotoa viputo sasa ndipo pangevuta hewa barabarani. Kama hakuna viputo popote nje na saa bado inashuka, fungua kifuniko cha magneti upake povu kwenye seali ya kranki. Seali ya upande wa klachi haionekani kwa nje, lakini ikivuja utasikia kububujika au upepo kwenye tundu la kujazia oili ya gia.

## Hatua ya 6: Slaidi na waya wa resi

Slaidi ina mkato upande mmoja. Mkato huo utazame chujio la hewa, na mfereji wa ubavuni uingie kwenye pini iliyo ndani ya koo. Slaidi ikigeuzwa haishuki mpaka chini, na pikipiki ikiwaka inakwenda resi ya juu papo hapo ukiwa umesimama mbele yake. Kabla ya kufunga kifuniko, iachie slaidi: isikike ikigonga chini, "tap".

Kabureta ya 26 inataka slaidi ipande milimita mbili zaidi ya ya 24. Zungusha mkono wa resi mpaka mwisho na uchungulie kutoka upande wa chujio: koo liwe wazi lote. Likibaki kijisehemu, rekebisha waya.

Kwenye DT waya wa resi hugawanyika mara mbili chini ya tangi, mmoja ukienda kwenye pampu ya oili. Baada ya kurekebisha wa kabureta, rudi kwenye pampu: alama ya puli ilingane na pini yake katika nafasi ya resi inayotajwa na kitabu cha modeli yako. Waya wa pampu ukilegea, oili inapungua kwenye kila nafasi ya resi na hakuna dalili yoyote mpaka pistoni ikamate. Na puli isifike mwisho kabla slaidi haijafika juu.

Mwisho, geuza usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia. Mkono wa resi ubaki na mchezo wa milimita 3 hadi 5, na slaidi irudi yenyewe kila mara. Isiporudi, pikipiki isitoke hapo.

## Hatua ya 7: Chujio na njia ya mafuta

Baki na boksi la chujio la pikipiki. Vumbi la barabara ya changarawe likiingia bila chujio hulisaga silinda kama msasa, na kabureta ikiachwa wazi inataka jeti kubwa zaidi ya uliyohesabu. Osha sponji, ikauke, ipake oili, ikamue. Mpira wa boksi uvae kabureta mzima bila mkunjo.

Kwa mafuta, elekeza bomba kwenye chupa na ufungue koki kwa dakika moja. Upate angalau mililita 250. Zikiwa pungufu, koki au chujio lake la ndani ya tangi limeziba, au tundu la hewa la kifuniko cha tangi limejaa uchafu. Hakuna jeti itakayotibu hilo.

Vijibomba vya kupumulia vya kabureta viachwe wazi, vikining'inia mbali na ekzosi.

## Hatua ya 8: Kuwasha na kupanga sailensa

Vuta choki, usiguse resi, piga kiki. Choki ya Mikuni hii inafanya kazi slaidi ikiwa imefungwa tu. Ukifungua resi unaiua nguvu yake, na ndiyo maana wengine husema "kabureta mpya haiwaki asubuhi".

Iache ipate moto dakika tano za kutembea polepole. Kisha weka sailensa kati ya mizunguko 1,200 na 1,400, au kwa sikio: injini ilie taratibu bila kutaka kuzima. Zungusha skrubu ya hewa robo kwa robo, ndani na nje, mpaka upate pale ambapo mlio ni wa juu na laini zaidi. Shusha sailensa tena, rudia.

Kwenye VM skrubu hii ni ya hewa: kuiingiza huongeza mafuta. Ikifurahia chini ya mzunguko mmoja, jeti ya sailensa ni ndogo, panda hatua moja. Ikifurahia zaidi ya miwili na nusu, jeti ni kubwa, shuka hatua moja.

Umefaulu kama ukikung'uta resi na kuiachia, mlio unashuka moja kwa moja. Ukining'inia juu sekunde mbili tatu kabla ya kushuka, simama. Inavuta hewa au mafuta ni haba. Rudi hatua ya 5.

## Hatua ya 9: Jeti kuu, barabarani

Bandika utepe mweupe kwenye mkono wa resi na kwenye nyumba yake. Chora mstari wa kufunga, robo, nusu, robo tatu na mwisho. Bila mistari hii unabahatisha, kwa sababu kila nafasi ya resi inatawaliwa na kitu chake: mwanzoni jeti ya sailensa, kuelekea robo mkato wa slaidi, kutoka robo hadi robo tatu sindano, na kutoka hapo hadi mwisho jeti kuu.

Tafuta barabara iliyonyooka, tupu, yenye mwinuko mdogo. Vaa kofia ngumu. Vidole viwili vikae juu ya klachi muda wote. Ukihisi nguvu inanyauka ghafla au mlio unakuwa mkali na mkavu, bana klachi hapohapo kabla ya kufanya kitu kingine chochote.

Gia ya tatu, resi mwisho, sekunde tano mpaka nane. Sikiliza.

Jeti kubwa mno hutoa mlio wa kububujika, "brrr", kama injini inamisi, na haifunguki hata ukingoje. Hii ndiyo unayoitarajia mwanzoni. Shuka hatua moja, rudia. Endelea mpaka kububujika kuishe na injini ivute safi hadi juu. Simama hapo, kisha rudi hatua moja juu. Hatua hiyo ya ziada ni bima ya pistoni.

Kuna jaribio la kuthibitisha. Ukiwa resi mwisho, rudisha mkono kidogo tu. Pikipiki ikiongeza mwendo, jeti kuu ni ndogo: acha kukimbia, badilisha sasa.

Halafu soma plagi. Funga mpya, kimbiza resi mwisho gia ya tatu au ya nne, bana klachi na zima swichi kwa wakati mmoja, jiache uteleze mpaka usimame. Ukirudi kwa sailensa, rangi unayoiona ni ya sailensa. Tazama kaure nyeupe ndani kabisa, pale inapozama kwenye chuma, si ncha ya mbele. Mduara wa kahawia kama chai ya maziwa iliyokolea ndio unaotafutwa. Nyeusi yenye unyevu, mafuta yamezidi. Nyeupe kama chokaa, au vijidoti vya kung'aa kama chumvi, ni hatari. Vile vijidoti ni alumini ya pistoni.

## Hatua ya 10: Katikati ya resi

Tembea kwa mwendo wa kawaida kwenye mstari wa nusu. Ikibubujika, pandisha kipini mfereji mmoja ili sindano ishuke. Ikisita au kukata kama mafuta yameisha, shusha kipini mfereji mmoja. Mfereji mmoja kwa mara moja, na plagi itazamwe kila mara.

Ikisita tu pale unapofungua resi kutoka kwenye sailensa, mkato wa slaidi ni mkubwa: tafuta slaidi yenye namba iliyo chini kwa 0.5. Wengi huhangaika na jeti kuu kwa tatizo hili, na jeti kuu haihusiki kabisa na sehemu hiyo.

## Kuteremka kutoka milimani

Jeti iliyopangwa Nairobi, takriban mita 1,800 juu ya bahari, au Mbeya kwenye 1,700, imepangwa kwa hewa nyepesi. Ukiteremka nayo Mombasa au Dar es Salaam, hewa ni nzito zaidi na mafuta yanakuwa haba, njia nzima unayokimbia resi kubwa kwenye barabara tambarare. Panda jeti kuu hatua mbili kabla ya kuteremka, kisha soma plagi ukifika. Anayepanda kutoka pwani hana hatari hiyo. Atasikia tu kububujika na kuona moshi, na atashuka hatua mbili.

Baridi hufanya vilevile kwa kiasi kidogo. Jeti iliyosifiwa saa nane mchana Njombe ijaribiwe tena saa kumi na mbili asubuhi.

## Baada ya kilomita 100

Kaza upya klampu na boliti za mpira wa kuingilia injini ikiwa baridi. Mpira mpya hulala kidogo na kulegeza klampu. Paka sabuni kidogo pembeni ya mpira pikipiki ikiwa kwenye sailensa: ikivutwa ndani na mlio ukibadilika, pamelegea.

Pima kiwango cha oili kwenye tangi lake dhidi ya alama uliyoweka mwanzoni. Kisiposhuka kabisa, pampu haifanyi kazi na ni ule mchanganyiko wa tangi la kwanza uliokuwa unaibeba injini. Usijaze petroli tupu mpaka ujue kwa nini.

Andika jeti, mfereji wa sindano, mizunguko ya skrubu ya hewa na mahali ulipopangia, ubandike karatasi hiyo chini ya kiti. Kabureta ya 24 ihifadhiwe na jeti zake kwenye kopo lenye kifuniko.